Keki baada ya tarawehe: mtoto wa Voi anakulia Wete

Mwanangu alizaliwa Voi, Kenya, tarehe 27 Machi 2017. Tangu tuhamie Wete, Pemba, siku yake hiyo haijapata kuangukia nje ya Ramadhani. Mwaka 2023 watu walikuwa ndio kwanza wameanza kufunga. Mwaka 2024 ilikuwa katikati ya mwezi. Mwaka huu wa 2025 imeangukia kumi la mwisho, siku chache kabla ya Idi. Mwaka wa Kiislamu huenda kwa mwandamo wa mwezi na ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko ule wa kalenda ya ukutani, ndiyo maana Ramadhani hutangulia kidogo kila mwaka.

Sisi ni Wadawida, yaani Wataita, na ni Wakristo, na mtaani kwetu hakuna Mkristo mwingine. Mume wangu aliletwa huku na kazi ya ujenzi. Wakenya wenzangu wanaohamia visiwani kwa kazi za hoteli, ujenzi au ualimu hunipigia simu wakiniuliza: mtoto atacheza na nani, na sherehe zake tutazifanyaje? Nawajibu kwamba kwanza wazijue saa za watoto wa mtaa. Saa gani wako skuli, saa gani wako chuoni, yaani kwenye madrasa ya Kurani, saa gani mama zao wanawaruhusu kutoka, na lini hawaruhusiwi kabisa. Ukishazijua saa hizo, sherehe inakuwa kazi ya sufuria tu.

Mambo ya karatasi nitayapita haraka. Nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, mapema, kabla hujaitwa. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto na nakala zake, na vibali vyenu. Mtoto akishaandikishwa skuli, tayari ana marafiki.

Ila marafiki hao wana ratiba. Wa mkondo wa asubuhi wanarudi adhuhuri, wanakula, wanabadilisha nguo, halafu wanakwenda chuoni kusoma Kurani hadi alasiri. Kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi mtaa ni wao. Adhana ikilia, kila mtoto anaingia ndani, hata kama mpira uko mbele ya goli. Kwa mwanangu, zile saa za chuo ndizo zilikuwa nzito. Mtaa unanyamaza, yeye anakaa barazani na mpira wake akiangalia kona ya njia. Alikuwa na miaka mitano, hakuelewa kwa nini wenzake wote wameondoka kwa pamoja na yeye hakuitwa.

Saa hizo tukampa nyanya yake. Kila siku wenzake wakishakwenda chuoni, tunampigia nyanya simu Voi, na nyanya anazungumza naye Kidawida. Saa za Pemba na za Voi ni zilezile, kwa hiyo hakuna hesabu ya kuamshana usiku. Anamsimulia habari za ndovu wanaotoka Tsavo na kuingia mashambani, na watu wa Sagalla wanaotundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba yao kwa sababu ndovu huwaogopa nyuki. Mwanangu anajibu, anakosea, anarekebishwa, anacheka. Lugha ambayo Voi alikuwa akiisikia kwa mbali tu, kwa sababu sisi wazazi tulizoea kuzungumza naye Kiswahili, ameijulia Pemba. Mtoto anaweza kukaa ugenini na kuzidi kuwa wa kwao, mradi mtu wa kwao apewe saa yake kila siku na isichukuliwe na kitu kingine.

Zile hadithi zikamfaa pia jioni. Pemba hakuna ndovu. Watoto wa mtaa walipomsikia akieleza jinsi ndovu anavyong'oa mgomba mzima, walikaa chini wote wakamsikiliza. Kesho yake wakataka tena. Naye akalipwa kwa yale waliyonayo wao: wakamfundisha kutengeneza ngalawa ya karara la mnazi yenye tanga la kipande cha kiroba, na kuishindanisha na zao maji yakijaa. Wakamfundisha kurusha tiara. Wakamfundisha kusoma maji, yaani kujua bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, linafika lini na siku gani bahari inakupwa mpaka mikoko inasimama kwenye tope tupu. Kuogelea alifundishwa na kaka za rafiki zake, na mimi nikiwa nimekaa ukingoni kila mara bila kuondoa macho, kwa sababu mtoto wa bara hazaliwi na bahari mwilini. Mzazi wa bara anayehamia pwani asiliache hili kwa bahati. Tafuta kijana mkubwa anayeaminika na mtaa, mwombe amfundishe, na wewe uwepo.

Msimu wa karafuu ukifika, michezo inapungua. Watu wazima wanapanda mikarafuu mchana, na jioni karafuu mbichi zinamwagwa kwenye majamvi, wanawake na watoto wanakaa kuzizunguka wakichambua, karafuu huku, makonyo kule. Asubuhi zinaanikwa. Harufu inaingia kwenye nguo, kwenye mto wa kulalia, kwenye daftari la skuli. Nilimruhusu mwanangu akae kwenye jamvi la jirani na mimi nikakaa pia. Ni kazi na ni baraza kwa wakati mmoja: ndipo nilipowajua wanawake wa mtaa wetu, ambao hadi wakati huo nilikuwa nawajua kwa salamu tu. Asiyejua kuchambua anaonyeshwa. Hakuna anayeulizwa dini yake kwenye jamvi la karafuu.

Hapo ndipo nilipomzoea bibi jirani. Ni mtu mzima, mjane, na nyumba yake inatazamana na yetu. Kaka zake wawili walikwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali na kwao, wakiwa vijana, wakavua mpaka pwani ya Kilifi, wakaoa huko na hawakurudi. Watoto wao walikulia Kenya bila vitambulisho kwa miaka mingi, kama Wapemba wengi wa kule, mpaka serikali ya Kenya ilipowatambua Wapemba rasmi kuwa moja ya jamii zake mwaka 2023. Habari hiyo ilipofika, bibi alikuja kwangu asubuhi, akakaa, akaniambia: "Mwanangu, watoto wa kaka zangu wamelelewa na wenzenu miaka yote hii. Wamelishwa, wamesomeshwa, wameuguzwa. Basi huyu wa kwako ni wangu, usinione naingilia." Tangu siku hiyo nimekuwa nikimpelekea shauri la kila jambo la mtoto, na nililompelekea la kwanza lilikuwa la sherehe.

Kwetu Voi siku ya kuzaliwa ya mtoto ina mambo yake. Keki lazima, soda lazima, majirani wote wadogo wanaalikwa mchana, wimbo unaimbwa, mishumaa inazimwa, halafu mwenye siku yake anamwagiwa maji ghafla, ndoo nzima, akiwa na nguo zake nzuri. Mwanangu alikuwa anatimiza miaka sita, na alikuwa akiikumbuka sherehe ya mwaka uliotangulia kwa kila kipengele. Lakini mchana wa Ramadhani Pemba mikahawa imefungwa, hakuna anayekula njiani, na hata watoto wadogo wasiofunga wanalishwa ndani. Nilimuuliza bibi nifanye nini. Akasema: "Wafutarishe."

Kumfutarisha aliyefunga ni jambo lenye thawabu kubwa kwa Waislamu, na halimshangazi mtu kupokea mwaliko wa namna hiyo. Tukakubaliana kwamba watoto wa mtaa waje kufutari kwetu siku hiyo. Kuku niliwanunua wakiwa hai, nikampelekea baba jirani akawachinja mwenyewe. Pilau ikapikwa uani kwa bibi, kwa sufuria zake, mimi nikisaidia kumenya na kukuna nazi. Nataka mama mwenye hali kama yangu alizingatie hili: usingoje mtu akuulize nyama imechinjwa na nani. Asiyekuuliza huenda amenyamaza kwa adabu, na mwanawe atakuja kwako ameambiwa asile. Chakula kikipikwa mahali ambapo hakuna shaka, mama anamwachia mtoto wake aje na moyo mweupe.

Siku mbili tatu kabla, maalimu wa chuo cha mtaani alikuja kwetu. Watoto wake wawili ni marafiki wakubwa wa mwanangu. Alisalimia, akakaa na mume wangu barazani, akasema kwa upole kwamba kwao siku ya kuzaliwa haisherehekewi, na angependa wanawe wasiwepo kwenye wimbo na mishumaa. Kufutari, alisema, watakuja, na yeye mwenyewe atawaleta. Si kila nyumba ya Zanzibar iko hivyo. Zipo nyingi zinazokata keki na kupiga picha bila tatizo. Lakini nilimheshimu sana mtu yule kwa kuja kusema mapema na kwa uso mkunjufu. Tukamhakikishia kuwa kwenye futari hakutakuwa na wimbo wala mshumaa.

Mishumaa tuliizima wakati wa daku. Hilo lilikuwa wazo la mume wangu, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Usiku wa Ramadhani, kabla ya alfajiri, vijana hupita na ngoma na madebe wakiwaamsha watu wale daku, na mtaa mzima unawaka taa. Sisi hatufungi, lakini ngoma zinatuamsha vilevile. Tukamwamsha mtoto, tukaweka mishumaa sita juu ya mkate, tukampigia nyanya, ambaye saa hizo Voi ameshaamka kuwahi kukamua ng'ombe. Nyanya aliimba wimbo wote peke yake kwenye simu, kwa sauti ya kanisani, kisha akamwombea. Sehemu hiyo ilikuwa ya nyumba yetu na ya Voi, na haikumgusa mtu mwingine.

Jioni walikuja watoto wengi kuliko nilivyoalika, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Walianza kwa tende na uji wa pilipili manga, wakaenda kuswali, wakarudi kwenye pilau, muhogo wa nazi na kaimati. Mama zao walileta sahani, na sahani huku haziendi tupu wala hazirudi tupu: nilipeleka pilau nyumba hii, ikarudi na tambi, nikapeleka nyumba ile, ikarudi na ndizi za nazi. Wanaume wakaenda kuswali tarawehe. Watoto wa maalimu wakaaga. Waliobaki wakapata keki, iliyookwa na binti wa bibi kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na ndani ina hiliki na arki ya vanila. Watoto wa Pemba usiku wa Ramadhani hawalali mapema, kwa hiyo hakuna aliyeharakishwa kwenda nyumbani. Kwa mtoto hiyo ni furaha isiyo na mfano: sherehe inayoanza jua likizama na kuendelea mpaka saa nne za usiku, na hakuna mtu mzima anayesema "basi".

Na maji je? Mwanangu alikuwa amewasimulia wenzake. Wakamvizia kwenye mfereji wa uani, wakammwagia ndoo mbili. Machi hapa ni joto na unyevu, mtu hakauki hata bila kumwagiwa. Tangu hapo mchezo huo umebaki mtaani. Mtoto akihitimu juzuu yake chuoni, akifaulu darasa, akirudi kutoka Unguja, anatafutiwa ndoo. Kuona kitu cha Voi kimeshikwa na watoto wa Wete kwa mikono yao kulinifurahisha kuliko zawadi zote. Zawadi, kwa kweli, hatukuomba na hatuombi. Familia nyingine zina watoto sita au saba, na mwaliko unaodai zawadi huwazuia watoto wasije.

Nyanya naye hakutaka kubaki kwenye simu tu. Kila mwaka hutuma fedha kidogo za mayai ya keki, na huhakikisha kila mtu ameambiwa kwamba mayai ni yake. Ni jambo dogo kwa gharama, lakini humwezesha mtu aliye mbali kuuliza siku inayofuata: keki yangu ilitokaje? Ningewashauri wote walioacha wazazi nyumbani wawape sehemu kama hiyo, iliyo yao hasa, isiyoweza kufanywa na mtu mwingine.

Mwaka wa pili, mwezi huohuo, mtoto alitaka kufunga kama wenzake. Wao wenyewe wadogo hufunga nusu siku, hadi adhuhuri, kujizoeza. Mume wangu na mimi tulilizungumza usiku mmoja. Tulimwacha afunge nusu siku pale alipotaka, tukamweleza kwamba wenzake wanafunga kwa ajili ya ibada yao na yeye anawaheshimu kwa kuwa pamoja nao, na Jumapili bado tunakwenda kanisani kwetu. Alielewa haraka kuliko tulivyodhani. Mwaka huo, Jumapili iliyotangulia siku yake, tulimpeleka msitu wa Kidike kuwaona popo wa Pemba, wale wakubwa wenye nyuso kama za mbweha, wanaoning'inia mchana kutwa juu ya miti. Hawapatikani popote pengine duniani, na miaka ya mwisho ya 1980 walikuwa karibu kutoweka kabla wanakijiji hawajaanza kuwalinda. Nyanya alisimuliwa popo kwa wiki nzima. Mara hii mwenye hadithi alikuwa mjukuu.

Bibi jirani ana hesabu yake mwenyewe ya kuzaliwa kwa mwanangu. Aliniuliza tarehe, akamwomba maalimu amtafutie mwezi wa Kiislamu, ikaonekana mtoto alizaliwa mwishoni mwa Mfunguo Tisa. Basi Mfunguo Tisa ukikaribia kuisha, bibi humsomea dua na kutuletea sahani ya visheti. Hafanyi sherehe, wala haimbi. Mwaka 2024 hesabu yake iliangukia wiki ya maadhimisho ya miaka 60 ya Mapinduzi, Januari. Mara iliyofuata ikaangukia mwishoni mwa Desemba, sisi tukiwa bado na chapati za Krismasi mezani, na sahani yake ikarudi na chapati.

Mwaka huu haikuwezekana kufutarisha siku yenyewe. Kumi la mwisho watu wanazidisha ibada, mama wanashona nguo za sikukuu, majiko yote yana vileja na visheti, na mafundi cherehani hawalali. Bibi akashauri keki iingie kwenye sikukuu. Mishumaa tulizima wakati wa daku kama kawaida, na keki ikakatwa sikukuu pili, siku ya pili ya Idi. Mwanangu alivaa kanzu na kofia aliyoshonewa pamoja na wajukuu wa bibi, kitambaa kimoja wote. Mume wangu aliuliza kama ni sawa, na nikamwambia kuwa amevishwa na anayempenda, kwa siku yao ya furaha, na nguo hiyo haijamtoa Voi. Wakapewa vijihela vya sikukuu nyumba kwa nyumba, kisha tukapanda gari kundi zima hadi Chake Chake, kiwanja cha watoto cha Tibirinzi, ambako walibembea mpaka vijihela vikaisha.

Mwakani, tarehe 27 Machi 2026 itakuwa Ijumaa, na Ramadhani itakuwa imekwisha. Kwa mara ya kwanza tangu tuje tungeweza kufanya sherehe mchana kama kwetu. Tulimuuliza mwenyewe. Anataka mishumaa usiku wakati ule ule, ingawa hakutakuwa na ngoma za daku. Anataka chakula baada ya magharibi, kuku wachinjwe na baba jirani, na keki ya makaa. Nyanya ameshashughulikia pasipoti, atakuja na meli kutoka Tanga, na amesema mayai mara hii atayachagua mwenyewe sokoni Wete. Mimi nilikuwa nimemtengea chumba cha mtoto. Bibi jirani amekataa, mgeni atalala kwake.